Kupima Joto na Volti za Kompyuta ya Zamani

Wakazi wa Kata ya Malolo wanaotunza kumbukumbu za biashara au vikundi katika kompyuta za zamani wanashauriwa kupima hali yake kabla haijazimika ghafla. Mashine inapowashwa, mtumiaji abonyeze F2 au Delete na kufungua BIOS, sehemu ya hali ya vifaa. Volti 12 isishuke chini ya 11.4 wala kuzidi 12.6; volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25. Kazi ikiendelea, programu ya bure ya HWMonitor huonyesha vipimo hivyo katika Windows. Joto la prosesa likikaribia nyuzi 90, vumbi lisafishwe na feni ikaguliwe. Volti zikiyumba, mafaili yanakiliwe kwanza, kisha fundi athibitishe kwa mita kabla ya kubadilisha pawasaplai.