Jua Tunalo, Kipimo Hatuna

Ikifika Juni, Nkoaranga hulisikia jua kwa watu wa bondeni. Wingu hushuka kutoka Mlima Meru, hutanda juu ya migomba na kahawa mpaka mchana, na kila mtu anatembea na sweta. Kwa mwenye soriasisi, miezi hii ina nafuu yake na adha yake. Nafuu ni kwamba hakuna anayemuuliza mbona amevaa mikono mirefu. Adha ni kwamba baridi inakausha ngozi, inaipasua, na mabaka yanazidi kutambaa chini ya nguo ile ile inayoyaficha.

Soriasisi ni ugonjwa wa kinga ya mwili unaoonekana kwenye ngozi. Kwa kawaida seli ya ngozi huzaliwa chini, hupanda taratibu, hufa na kupukutika kwa muda wa mwezi hivi, bila mwenyewe kujua. Kwenye baka la soriasisi safari hiyo humalizika kwa siku 3 hadi 5. Askari wa kinga waitwao seli T hutoa amri ya vita mahali pasipo na adui, ngozi nayo hujibu kwa kujizalisha mbio mbio, tabaka juu ya tabaka. Ndipo yanapotokea mabaka mazito yenye magamba kwenye viwiko, magoti, kiunoni na kichwani. Kucha hupata vishimo vidogo vidogo, na wagonjwa wengine huvimba viungo vya vidole.

Mtaalamu wa ngozi ana namna ya kulitambua baka hili. Hulikwangua kwa kijiti cha mbao, na magamba meupe hutoka kama nta ya mshumaa. Akiendelea kidogo, unabanduka utando mwembamba wa mwisho, na chini yake hujitokeza vitone vya damu vidogo kama ncha ya sindano. Shida ni kwamba si kila mgonjwa anafika mbele ya mtu mwenye kijiti hicho. Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi ya Mzungu, ambayo juu yake baka ni jekundu. Kwenye ngozi nyeusi baka huwa la zambarau, la kijivu au kahawia iliyokolea, na kwa hiyo huitwa choa, huitwa pumu ya ngozi, na mwenye bahati mbaya zaidi husikia minong'ono ya ukoma. Anapewa dawa ya fangasi mwezi wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Baadaye jirani humwelekeza kwenye krimu kali za steroidi zinazouzwa kiholela, zile zile zinazotiwa kwenye mkorogo. Hizo zinafifisha baka kwa wiki chache, zinaikondesha ngozi, na akiziacha ghafla ugonjwa hurudi kwa kishindo.

Tuelewane hapa kabla ya kuendelea: soriasisi haiambukizi. Haiambukizi kwa kushikana mikono, kulala kitanda kimoja, kuoga beseni moja wala kula sahani moja. Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio mahususi kuhusu ugonjwa huu, na miaka 2 baadaye Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti iliyokadiria kwamba watu wasiopungua milioni 100 wanaishi nao. Hauna dawa ya kuumaliza kabisa. Unatulizwa, na mojawapo ya vitulizo vyake vya uhakika ni mwanga.

Wazo la kutibu ngozi kwa mwanga lina zaidi ya miaka 100 katika tiba ya kisasa. Niels Finsen, daktari aliyezaliwa visiwa vya Faroe na kufanya kazi Copenhagen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa miale ya taa. Mwaka 1925 William Goeckerman wa Mayo Clinic, Marekani, aliwapaka wagonjwa wa soriasisi lami ya makaa ya mawe kisha akawaweka mbele ya taa ya urujuanimno. Ilikuwa tiba ya uchafu na harufu, lakini ilifanya kazi, na kwa miongo mingi haikupata mshindani.

Sehemu ya historia hii ni ya Afrika, ingawa haisemwi sana. Kandokando ya Nile huota mmea ambao Wamisri waliutumia tangu kale kwa ngozi yenye mabaka: mgonjwa anaunywa, kisha anaota jua. Mwaka 1947 wanasayansi wa Cairo walitenga kemikali iliyomo, iitwayo psoraleni, na daktari El Mofty wa huko huko akaijaribu kwa wagonjwa wenye mabalanga. Mwaka 1974 madaktari wa Boston wakaichukua, wakaiunganisha na taa za miale ya urujuanimno aina ya UVA, na ikawa tiba maarufu ya soriasisi kwa jina la PUVA. Ilikuwa na nguvu kweli. Ilikuwa na gharama pia: wagonjwa 1,380 waliofuatiliwa Marekani kuanzia katikati ya miaka ya 1970 walionyesha kwamba kadiri mtu anavyopata vipindi vingi vya PUVA ndivyo hatari ya saratani ya ngozi inavyopanda.

Kilichobadilisha mambo ni swali dogo: katika miale yote ya urujuanimno, ni ipi hasa inayoponya? Mwaka 1981 John Parrish na Kurt Jaenicke walijaribu urefu mbalimbali wa mawimbi kwenye mabaka ya wagonjwa. Miale ya nanomita 290 kushuka chini iliunguza ngozi bila kuponya chochote, hata kipimo kilipoongezwa mara nyingi. Ile ya kati ya 300 na 313 iliponya. Kwa hiyo ikatengenezwa taa inayotoa karibu miale ya nanomita 311 peke yake, ikiacha ile inayoumiza bure. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hiyo ndiyo taa ya UVB ya mkanda mwembamba, na ndiyo inayotumika zaidi leo.

Miale hiyo ikiingia kwenye baka, inanyonywa na vinasaba ndani ya seli. Zile zinazozaana kwa pupa zinapunguza kasi. Seli T zilizojazana pale hufa kwa utaratibu wa mwili wenyewe, na kemikali za uvimbe zinazoamshana hushuka. Haya yote yanatokea kwenye ngozi tu. Ini na figo haviguswi. Ndiyo maana mjamzito, ambaye vidonge vya soriasisi viitwavyo methotrexate ni marufuku kwake kabisa, anaweza kutibiwa kwa mwanga.

Kipindi chenyewe ni kifupi kuliko foleni yake. Mgonjwa anaingia kwenye kabati refu lililozungukwa na taa ndefu za mirija, amevua nguo, amevaa miwani ya kuziba miale, na mwanamume amefunika sehemu za siri. Muuguzi anafunga mlango na kuweka sekunde. Taa zinawaka rangi ya buluu iliyofifia, feni inavuma, na mara nyingi siku ya kwanza mtu hutoka kabla hata hajazoea kusimama uchi mbele ya mashine. Kisha muuguzi anaandika kipimo kwenye kadi. Ziara ijayo atauliza: ngozi iliwasha, iliungua? Kama haikuungua, kipimo kinapandishwa kidogo. Ngozi nyeusi huhitaji kipimo kikubwa zaidi kwa sababu rangi yetu inazuia sehemu ya miale. Huenda hivyo mara 3 kwa wiki, kwa vipindi kati ya 20 na 36. Wengi huanza kuona magamba yakipungua ndani ya wiki chache, na wengi hupata miezi kadhaa ya utulivu baada ya kumaliza.

Kuna mambo madogo yanayoharibu kazi yote. Magamba mazito yanazuia miale, hivyo yalainishwe siku zilizotangulia. Lakini mafuta ya mgando yakipakwa kwa wingi kabla ya kuingia nayo yanazuia, na krimu yenye asidi ya salisiliki huzuia zaidi. Nywele nazo ni kivuli: mwenye soriasisi ya kichwa anyoe au atafute tiba nyingine ya kichwani.

(Mama aliyewahi kulazwa na kichanga mwenye manjano huenda akauliza kama taa ya buluu aliyoiona wodini ndiyo hii. Siyo. Ile ni mwanga wa kawaida wa buluu, kazi yake ni kuibadilisha bilirubini ili itoke mwilini, na haigusi soriasisi.)

Sasa lile swali ambalo kila msomaji wa Meru amekwisha kuuliza: jua letu lina kasoro gani? Arusha iko nyuzi 3 na kitu kusini mwa Ikweta, takribani meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Siku ya mawingu machache, kipimo cha urujuanimno saa sita mchana huweza kupita 11, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa cha kupita kiasi. Watu wa Ulaya wanapanda ndege kwenda Bahari ya Chumvi kutafuta jua la kutibu soriasisi, na sisi linatuchoma bure.

Jibu ni kwamba jua linasaidia kweli, na wagonjwa wengi wanaligundua wenyewe. Lakini Bahari ya Chumvi iko zaidi ya meta 400 chini ya usawa wa bahari. Hewa nzito ya ziada huchuja miale mikali, na mtu anaweza kukaa muda mrefu bila kuungua. Mlimani ni kinyume chake: kila meta 1,000 unazopanda, urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10. Jua halichagui nanomita 311. Huleta zote kwa pamoja, leo nyingi na kesho kidogo, na saa nne si sawa na saa saba. Ngozi ya soriasisi ikiungua huota mabaka mapya pale pale ilipojeruhiwa. Kisha yapo yale ya sweta. Ngozi inayohitaji jua ndiyo inayofichwa, na sijui ni mwanamke gani wa kijijini atakayetandika kanga uani na kuanika mgongo wake saa sita mchana, watu wanapita.

Asiye na mashine karibu asikate tamaa. Amwombe mtaalamu ampangie: dakika chache za jua kwenye mabaka, sehemu nyingine zimefunikwa, akiongeza kidogo kidogo. Dirisha la kioo halifai, kwa kuwa kioo huzuia UVB. Na kabla ya yote ataje dawa anazotumia. Doksisaiklini, septrini na baadhi ya dawa za presha za kuongeza mkojo huifanya ngozi iungue upesi. Mwenye ualbino au lupasi asiguse tiba hii. Kwa watu wenye ualbino nchini, saratani ya ngozi inayoletwa na jua ni adui wa kila siku, na si bure kwamba hospitali ya KCMC ya Moshi ilianzisha utengenezaji wa losheni yao ya kujikinga, Kilisun. Mimi naona hata PUVA haitufai sana. Anayemeza psoraleni hubaki mwepesi kuungua kwa saa nyingi na hupaswa kuvaa miwani siku nzima. Huyu wa kwetu anatoka kliniki na kutembea kwa miguu juani kwenda kituo cha daladala.

UVB ya mkanda mwembamba imetoa matokeo ya kutia moyo kuhusu saratani. Huko Scotland wagonjwa 3,867 walifuatiliwa, na hakukuonekana uhusiano wa wazi kati ya tiba hiyo na saratani ya ngozi. Hao karibu wote walikuwa Wazungu, ambao ngozi yao ndiyo dhaifu zaidi kwa jua.

Kikwazo kikubwa kilichobaki ni barabara. Moshi pale KCMC kuna Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichofunguliwa mwaka 1992, kinachofundisha matabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa mkazi wa Nkoaranga hapo ndipo penye utaalamu mkubwa wa ngozi ulio jirani. Jirani maana yake ni bodaboda mpaka barabara kuu, basi kupita njia panda ya KIA na Boma Ng'ombe, zaidi ya kilomita 50 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Vipindi 30 ni zaidi ya kilomita 3,000. Hakuna mchuuzi wa ndizi wa soko la Tengeru atakayeacha biashara siku 3 kila wiki kwa miezi miwili na nusu. Ataenda mara 4, ataona nafuu kidogo, ataacha.

Ndiyo maana utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2024 ungepaswa kusomwa na kila anayepanga bajeti ya afya huku kwetu. Wagonjwa 783 wa soriasisi, wakiwemo kwa makusudi wengi wenye ngozi nyeusi, waligawanywa: baadhi walitibiwa kliniki, baadhi walipewa taa ya kutumia nyumbani. Baada ya wiki 12, asilimia 32.8 ya waliotibiwa nyumbani ngozi ilikuwa safi au karibu safi, dhidi ya asilimia 25.6 ya wale wa kliniki. Sababu haina uchawi: wa nyumbani walikamilisha dozi zaidi.

Taa ya kila nyumba kwetu ni ndoto. Taa moja kwenye hospitali ya wilaya au ya kanisa si ndoto. Pale Nkoaranga ipo hospitali ya Kilutheri ambayo watu wa mlimani wanaifikia bila kulala njiani. Kabati moja, umeme wa uhakika, muuguzi aliyefundishwa kusoma kadi na kupandisha kipimo, na mtaalamu wa Moshi wa kumpigia simu ngozi inapoleta utata: huo ndio mpango unaolingana na ugonjwa wa kudumu. Kujenga utaalamu wote mahali pamoja na kumtaka mgonjwa aufuate mara 30 ni kumnyima tiba kwa njia ya heshima.

Kwa sasa, ukiwa na baka lenye magamba lililokataa dawa ya fangasi kwa zaidi ya mwezi, acha kubadilisha krimu. Nenda hospitali, vua hilo sweta mbele ya daktari, na uombe rufaa ya kliniki ya ngozi. Kabla ya kupanda basi, piga simu uulize kama mashine ya mwanga inafanya kazi wiki hiyo.