Tanzania: Kwa nini dereva mzoefu huulizwa cheti cha kidato cha nne?

Tangazo la kazi ya udereva serikalini nchini Tanzania lina sura inayofahamika kwa kila anayetafuta ajira. Mwombaji hutakiwa awe na leseni ya daraja C au E, awe ameendesha magari kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na awe na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Masharti hayo matatu yanahusu kazi yenyewe. La nne, ambalo kwa kawaida huandikwa mwanzo kabisa, ni cheti cha mtihani wa kidato cha nne.

Kwa sharti hilo, mtu aliyeendesha lori kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi mpaka wa Rusumo kwa miaka kumi na mitano, lakini masomo yake yakaishia darasa la saba, huondolewa katika hatua ya kwanza ya mchujo. Kijana mwenye cheti cha sekondari na leseni ya mwaka jana huitwa kwenye usaili. Hakuna aliyewapima wote wawili barabarani.

Chanzo cha sharti

Zamani elimu ya msingi ilitosha kwa kazi nyingi za ngazi ya chini katika utumishi wa umma, zikiwemo udereva, ulinzi na uhudumu wa ofisi. Tarehe 20 Mei 2004 ndiyo iliyoweka mpaka: kuanzia hapo, sifa ya chini ya kuajiriwa serikalini ikawa kidato cha nne. Hoja ya kupandisha sifa hiyo si ngumu kuielewa. Mtumishi aliyepita sekondari hutarajiwa kusoma nyaraka, kujaza taarifa na kufuata mafunzo mapya bila shida kubwa.

Ugumu ulikuwa katika wakati. Mwaka huohuo wa 2004 ndipo Tanzania ilipoanza kutekeleza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, uliozaa wimbi la shule za kata katika miaka iliyofuata. Ada ya shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne nayo ilifutwa kuanzia mwaka 2016. Waliomaliza darasa la saba katika miaka ya 1980 na 1990 walikuta nafasi za sekondari zikiwa chache mno. Wengi wao hawakuikimbia shule, bali shule haikuwepo karibu nao, au ilikuwepo na wazazi hawakuwa na ada.

Uhakiki wa mwaka 2017

Uzito wa tarehe hiyo ulionekana wazi baada ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Mwezi Aprili 2017, Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma taarifa iliyoonyesha kuwa watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini.

Walioghushi walikuwa kundi moja. Lakini zoezi hilo liliwagusa pia watumishi wa darasa la saba ambao hawakughushi chochote, kosa lao likiwa ni kukosa cheti cha kidato cha nne. Miongoni mwao walikuwemo madereva na walinzi waliokuwa wameitumikia serikali kwa miaka mingi. Suala hilo lilifika bungeni, na Aprili 2018 serikali ikatangaza kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warejeshwe kazini. Kwa walioajiriwa baada ya tarehe hiyo, sharti la kidato cha nne lilibaki palepale.

Uamuzi huo ulirekebisha dhuluma kwa kundi moja. Swali la msingi, yaani kama cheti hicho kinapima uwezo wa kuendesha gari, halikujibiwa.

Cheti kama chujio

Waajiri wanaotetea masharti ya namna hii wana sababu zao. Maombi yanapokuwa mengi kuliko nafasi, cheti ni chujio la haraka na la bei nafuu. Humlinda pia ofisa wa ajira dhidi ya lawama za upendeleo, kwa kuwa karatasi huonekana na kuhesabika, ilhali ustadi wa mkono huhitaji mtu wa kuupima, vifaa na muda.

Zipo pia kazi za mikono ambazo haziwezi kuachwa bila udhibiti. Fundi anayefunga nyaya za umeme katika nyumba za watu huhitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, na hakuna anayelalamika kwa haki, kwa sababu kosa lake linaweza kuteketeza nyumba. Leseni ya namna hiyo inahusu kazi husika. Cheti cha kidato cha nne kinahusu masomo ya darasani, kama historia, baiolojia na hisabati, aliyoyasoma mtu akiwa kijana.

Hali hiyo imechochewa na thamani iliyowekwa juu ya shahada. Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam kiligeuzwa mwaka 1997 kuwa Taasisi ya Teknolojia, DIT, ambayo hutoa pia shahada za uhandisi. Chuo cha Ufundi Mbeya nacho kilipanda hatua kwa hatua hadi kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Ilhali katika sekta ya uhandisi uwiano unaotajwa mara kwa mara ni mhandisi mmoja kwa mafundi sanifu watano na mafundi stadi ishirini na watano. Nyumba hujengwa na hao wa chini, lakini ngazi ya elimu humwelekeza kila kijana juu.

Kupima mikono

Njia mbadala ipo, na Tanzania yenyewe inaitumia. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Mwashi, seremala, fundi magari au mpishi aliyejifunza kazi kwa kufanya hupimwa kwa vitendo, hupewa mafunzo mafupi pale anapopungukiwa, kisha hupewa cheti. Kenya na Uganda nazo zina taratibu za kupima ufundi uliopatikana kazini.

Hata hivyo, cheti hicho kina nguvu pale tu mwajiri anapokubali kukipokea. Tangazo linalodai kidato cha nne kwanza humfungia mlango fundi hata akiwa na uthibitisho wa VETA mkononi.

Jambo hili linawahusu pia mafundi wa Rwanda na Burundi wanaovuka mpaka kutafuta kazi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaruhusu wafanyakazi kuhama na inazitaka nchi wanachama kutambuliana sifa za kielimu na kitaaluma. Mikataba ya kutambuana iliyotiwa saini mapema iliwahusu wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Waashi na mafundi magari hawakuwemo. Aliyejifunza uashi Gitega au Huye bila kupita chuoni huvuka Kobero au Rusumo akiwa na mikono yake tu, na tangazo la kazi haliulizi mikono.

Madereva wa malori wanajua tofauti hiyo vizuri. Kampuni binafsi hazifungwi na sharti la utumishi wa umma, na zinaweza kumpa mtu wa darasa la saba lori lenye shehena ya mamilioni ya shilingi kulipeleka Kigali au Bujumbura. Dereva huyohuyo akiomba kuendesha gari la halmashauri ya wilaya yake, huambiwa hana sifa.