Shamba Limejaa, Sufuria Tupu: Korona na Safari ya Chakula



Korona ilipoingia Afrika Mashariki mwezi Machi 2020, wengi wetu tulidhani kwamba njaa ikija itaanzia shambani, kama wakati wa ukame. (Nzige waliovamia Kenya kipindi hicho ni habari nyingine.) Mavuno ya nafaka duniani mwaka ule yalizidi ya miaka yote iliyotangulia. Hata hivyo, ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 ilikadiria kuwa watu kati ya milioni 720 na milioni 811 walikumbwa na njaa mwaka 2020. Chakula kilikuwapo, kilichokatika ni njia na kipato.

Tuangalie Nairobi. Tarehe 27 Machi 2020 ilianza kafyu ya saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri, na tarehe 6 Aprili watu wakakatazwa kuingia au kutoka jijini. Malori ya chakula yaliruhusiwa, hivyo kwenye karatasi chakula hakikuzuiwa. Lakini anayelijua soko la Wakulima, ambalo wengi huliita Marikiti, anajua kuwa kazi yake huanza gizani. Viazi na kabeji hushushwa usiku, na mama mboga hufika kabla ya mapambazuko ili awahi wateja wake mtaani. Kibali cha lori hakikumsaidia yeye wala mbeba mizigo. Na nyanya haingoji! Mnunuzi akipungua sokoni, bei ya shambani huanguka; bidhaa ikichelewa kufika mtaani, bei ya huko hupanda. Mkulima na mlaji huumia siku ileile. Mwezi Juni kafyu ilipunguzwa, ikawa saa 3 usiku hadi saa 10 alfajiri.

Mipakani madereva walitakiwa kupimwa, na foleni za malori pale Malaba zikawa ndefu mno. Mwezi Mei Kenya na Tanzania zilivutana kuhusu vipimo hivyo, malori yakakwama Namanga, mpaka mawaziri wa nchi zote mbili walipokutana.

Shule nazo zilifungwa. Mkulima akapoteza mnunuzi wa uhakika wa mahindi na maharage, na watoto wengi wakakosa mlo wa mchana. Kibarua aliyepoteza kazi naye hanunui kitu, hata duka likiwa limejaa.

Kwa wafadhili wetu: magunia ya mahindi kutoka mbali yana mahali pake, hasa pale ambapo soko halina kitu. Lakini pale ambapo bidhaa zipo, kwa maoni yetu fedha zinazotumwa kwa simu hufaa zaidi, kwa kuwa humpa mlaji uwezo na mkulima mnunuzi.

Kamati za parokia, kabla ya kuomba magunia, ulizeni kwanza chakula kimekwama wapi: ghalani, barabarani, mpakani au mfukoni mwa mnunuzi. Jibu hilo liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa ombi, pamoja na majina ya masoko yaliyo karibu na siku zake za gulio.