Umeme Bila Waya: Husafirije?

Mawimbi ya minara ya simu iliyoko Gisenyi huvuka mpaka hadi Goma bila waya wala pasipoti. Mbona basi umeme wa majumbani bado unahitaji nguzo? Swali hili linatuhusu hata sisi walimu wa Kiswahili. Tukisema "umeme wa hewani", mwanafunzi atadhani hewa ndiyo inayoubeba. Sivyo.

Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba sumaku inayobadilika huzalisha umeme katika waya ulio karibu. Mkondo geu ukipita katika waya uliozungushwa, yaani koili, hujenga uga wa sumaku unaobadilika mfululizo. Koili ya pili ikiwekwa ndani ya uga huo, umeme hutokea ndani yake ingawa koili hizo hazigusani. Ndivyo ifanyavyo kazi transfoma iliyo juu ya nguzo.

Mfano mwingine ni kadi ya nauli ya kugusisha, iliyozoeleka katika mabasi ya Kigali. Kadi hiyo haina betri. Ndani ya plastiki mna koili nyembamba inayopokea nguvu kutoka kwenye mashine, na nguvu hiyo huiamsha chipu ijibu. Ukiisogeza kadi mbali kidogo haisomeki, maana uga hufifia upesi.

Hapo ndipo penye ugumu. Simu huhitaji nguvu kidogo mno ili kutambua ujumbe. Taa na pasi huhitaji nguvu nyingi. Mwaka 1901 Nikola Tesla alianza kujenga mnara wa Wardenclyffe, katika jimbo la New York, akitaraji kusambaza umeme mbali bila waya. Kazi haikukamilika, na mnara ulibomolewa mwaka 1917. Mwaka 2007 watafiti wa MIT, Marekani, waliwasha taa ya wati 60 kwa umbali wa mita 2, wakitumia koili mbili zilizolinganishwa mtetemo. Hata hivyo, takriban asilimia 40 tu ya nguvu ndiyo iliyofika.

Kwa hiyo nguzo za Gisenyi bado zina kazi. Nasi darasani tunapendekeza kusema "umeme usiotumia waya", kisha kueleza kwamba kinachovuka nafasi ni uga wa sumaku. Istilahi njema haimpotoshi anayejifunza. Walimu na wanafunzi wenye pendekezo bora zaidi wanakaribishwa kutuandikia.