Zamu ya pointi: Nani hula mbivu, nani huumia tumbo?

WANACHAMA kumi wa upatu wakichanga kila mwezi, kila mmoja anajua zamu yake itafika kabla ya mwezi wa kumi na moja. Hakuna ubishi wala kumfuata mtu ofisini. Lakini upatu huo huo ukipokea wanachama wapya wawili kila mwezi, huku anayechukua fungu akiwa mmoja tu, wale wa mwisho watachanga mpaka wazeeke.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayousumbua utaratibu wa pointi unaotumiwa na majimbo mengi ya magharibi mwa Marekani kugawa vibali vya kuwinda wanyama wakubwa. Geita iko mbali na milima ya Colorado, lakini swali ni lile lile linaloulizwa Bukombe, Mbogwe na Chato: kitu kikiwa kichache na wanaokitaka ni wengi, nani apewe kwanza?

Jinsi pointi zinavyofanya kazi

Wataalamu wa wanyamapori wa jimbo hupanga kila mwaka idadi ya wanyama wanaoweza kuwindwa bila kumaliza kizazi. Vibali hutolewa kwa idadi hiyo. Kwa wanyama wanaotafutwa sana, kama kondoo wa milimani na kulungu wakubwa waitwao elk, waombaji huzidi vibali mara nyingi.

Anayekosa kibali mwaka huu hupewa pointi moja. Akikosa tena mwakani, huwa na mbili. Mahali ambapo wenye pointi nyingi hupewa kwanza, mvumilivu hatimaye hula mbivu. Akishapata kibali, pointi zake hufutwa na huanza upya.

Utaratibu huu unaonekana wa haki, lakini tuchukue mfano wa hesabu. Eneo lina vibali 10 kwa mwaka na waombaji 100, wala hakuna anayeongezeka. Ndani ya miaka 10 wote watakuwa wamepata. Sasa tuseme kuanzia mwaka wa pili wanaingia waombaji wapya 20 kila mwaka. Wale 100 wa kwanza watamalizika mwaka wa 10 kama kawaida. Walioingia mwaka wa pili watapata mwaka wa 11 na wa 12. Lakini kijana anayeingia mwaka wa 12 atasubiri hadi mwaka wa 31 au wa 32, na atakayemfuata atasubiri zaidi.

Kwa maneno mengine, kila mwaka pointi zinazotakiwa ili kupata kibali hupanda. Mwombaji anakimbilia mstari ambao nao unakimbia. Wapo hata wanaolipia pointi bila kuomba kibali chochote mwaka huo, ili tu wasipoteze nafasi kwenye foleni. Jimbo hukusanya ada, lakini idadi ya wanyama haiongezeki kwa sababu ya ada hiyo.

Dawa zilizojaribiwa

Majimbo yamejaribu kupunguza makali. Nevada haimpi mwenye pointi nyingi uhakika wowote. Huzizidisha pointi zake kwa zenyewe, hivyo mwenye pointi 5 huingia kwenye bahati nasibu akiwa na nafasi 25 za ziada. Arizona hutenga hadi asilimia 20 ya vibali kwa wenye pointi nyingi zaidi, na vinavyobaki huchezewa bahati nasibu inayowapa hata wageni matumaini. New Mexico haina pointi kabisa; kila mwaka watu huanza sawa.

Hakuna dawa kati ya hizo inayoongeza mnyama hata mmoja. Kinachobadilika ni nani anabeba mzigo wa uhaba. Kwa pointi, mzigo humwangukia kijana na aliyechelewa kuingia. Kwa bahati nasibu, hugawanywa kwa wote, lakini aliyesubiri miaka mingi hana cha kuonyesha kwa uvumilivu wake.

Tanzania: kutoka kwa waziri hadi mnada

Tanzania haikufuata njia ya pointi za kungoja. Katika uwindaji wa kitalii, anayegombaniwa si mnyama mmoja bali kitalu kizima. Kampuni hupewa kitalu pamoja na mgao wa wanyama, kisha huwauzia wageni safari za kuwinda. Mapori ya Moyowosi na Kigosi, yaliyopakana na Bukombe, yalipata jina kwa wawindaji kwa ajili ya nyati na nzohe, yule swala wa kwenye mabwawa.

Kwa miaka mingi vitalu viligawiwa na serikali kwa ada isiyolingana na thamani yake. Hadi mwaka 2007 ada ya kitalu ilikuwa dola za Marekani 7,500 kwa mwaka, ndipo ikapandishwa kuwa dola 27,000. Bei ikiwa chini ya thamani, lazima foleni itokee mahali fulani. Hapa ilitokea kwenye milango ya ofisi, na baadhi ya waliopewa vitalu waliwakodishia wengine kwa bei ya juu wakabaki na tofauti. Fedha hiyo ya kati haikufika hazina wala kijijini.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ilijaribu kuweka vigezo. Kampuni moja iliwekewa ukomo wa vitalu vitano, na kamati ilipewa kazi ya kuwapima waombaji na kumshauri waziri. Hizo nazo ni alama za aina fulani, ila tofauti yake na pointi za Marekani ni kubwa: mwombaji hupimwa kwa alichofanya na anachoweza kufanya, si kwa miaka aliyosubiri.

Oktoba 2017, Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Dk. Hamisi Kigwangalla, alifuta vibali vya vitalu vilivyotolewa mwanzoni mwa mwaka huo na kutangaza kwamba vitagawiwa kwa mnada. Mwaka 2019 Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, ilianza kuendesha minada kwa njia ya kielektroniki.

Mnada huondoa foleni, kwani mwenye fedha nyingi hupata leo leo. Faida yake ni kwamba ile fedha iliyokuwa ikiishia kwa dalali huweza kuingia serikalini. Hasara yake ni kwamba mwenye mtaji mdogo hana zamu hata akisubiri miaka mia.

Mkulima anahusikaje?

Mkulima wa Bukombe hanunui kitalu. Lakini kwa utaratibu uliodumu miaka mingi, asilimia 25 ya ada za wanyama waliowindwa hutengwa kwa ajili ya halmashauri za wilaya. Kitalu kikienda kwa bei ya urafiki, au kwa mtu asiye na wateja, fungu la darasa na zahanati hupungua, huku tembo wakiendelea kuingia kwenye mahindi kama kawaida. Kanuni ya kugawa kitalu ni jambo la mkulima, hata kama hajawahi kushika bunduki.

Idadi ya vitalu nayo haikai pale pale. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, na ndani ya hifadhi ya taifa uwindaji hauruhusiwi. Foleni hurefuka pia pale kinachogawiwa kinapopungua, si kwa waombaji kuongezeka tu.

Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamgasa wanaijua njia nyingine. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, maombi ya leseni ya eneo moja yakigongana, lililopokelewa kwanza ndilo hutangulia. Ni rahisi kueleweka, lakini humpendelea mwenye habari mapema na nauli ya kuwahi ofisini.

Maswali kabla ya kupanga zamu

Vyama vya msingi vya pamba, VICOBA na vikundi vinavyokodisha trekta au jozi ya maksai hupanga zamu kila msimu. Uzoefu wa wawindaji unawapa maswali manne ya kujibu kabla ya kuandika majina daftarini.

Kwanza, kila mwaka wanaingia wangapi na wanahudumiwa wangapi? Wanaoingia wakizidi, daftari lifungwe au trekta la pili litafutwe. Pili, zamu inaweza kuuzwa? Ikiuzwa, dalali atakuja. Tatu, anayepewa asipotumia, inarudi kwa nani na kwa muda gani? Nne, je, lipo fungu dogo la bahati nasibu kwa ajili ya mwanachama mpya, ili naye awe na sababu ya kuchanga?

Kikundi kisichojibu swali la kwanza hakitaokolewa na majibu ya hayo mengine matatu. Mvumilivu hula mbivu pale tu embe zinapotosha walio chini ya mti. Zisipotosha, ngoja ngoja huumiza matumbo, na wa kwanza kuumia ni yule aliyefika mwisho.