Gari la kujiundia: Mambo ya kupima kabla ya kulipa

KUNA watu nchini Uingereza ambao gari lao jipya huwafikia likiwa ndani ya masanduku. Fremu ya chuma hushushwa mlangoni, kisha hufuata injini, ekseli, usukani, nyaya za umeme na mifuko chungu nzima ya bolti na nati. Kazi ya kuvigeuza vitu hivyo kuwa gari huachiwa mnunuzi mwenyewe.

Huu ni uraibu uliodumu huko kwa zaidi ya nusu karne. Wapo waliokamilisha kazi hiyo na sasa wanaliendesha gari ambalo kila bolti yake waliikaza kwa mikono yao. Wapo pia ambao miaka kumi baadaye fremu ingali imefunikwa turubali, kutu imeanza kuitafuna, na fedha zilizoingia humo hazirudi.

Tofauti kati ya makundi hayo mawili aghalabu haitokani na ustadi wa kushika spana. Hutokana na maswali yaliyoulizwa, au yaliyokosa kuulizwa, kabla ya kulipa senti ya kwanza.

Ieleweke kwamba gari la aina hii si sawa na yale yanayounganishwa katika viwanda vya Thika au Mombasa. Huko vipuri huletwa kutoka ng’ambo na kuunganishwa na wafanyakazi waliofunzwa, kila mmoja akiwa na sehemu yake ya kazi. Anayejiundia gari hufanya kazi jioni na wikendi, na yeye ndiye fundi, msimamizi na mkaguzi wa kwanza.

Chimbuko lake

Gari lililoueneza uraibu huu ni Lotus Seven, lililotolewa mwaka 1957 na mhandisi Colin Chapman. Lilikuwa gari dogo, jepesi, la viti viwili na lisilo na anasa yoyote.

Wakati huo serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya mauzo kwa magari yaliyokamilika. Aliyenunua vipuri na kujiunganishia aliikwepa kodi hiyo. Inasimuliwa kwamba sheria ilikataza vipuri hivyo kuuzwa pamoja na maelezo ya kuviunganisha. Chapman akatoa maelezo ya jinsi ya kulifungua gari, nao wanunuzi wakayasoma kuanzia mwisho kuja mwanzo.

Nafuu hiyo ilikwisha mwaka 1973, kodi ya zamani ilipoondolewa na mahali pake kuchukuliwa na ushuru wa VAT. Mwaka huo huo, haki ya kuliunda Seven ilihamia kwa kampuni ya Caterham, ambayo hadi leo huliuza likiwa tayari au likiwa vipande.

Historia hiyo ina funzo kwa anayetafakari kuingia katika uraibu huu. Hapo mwanzo watu wengi walijiundia gari ili kuokoa fedha. Sababu hiyo haipo tena. Anayetaka gari la kumfikisha kazini kwa bei nafuu atapata lililotumika la kiwandani kwa fedha chache zaidi, tena lenye paa lisilovuja na nafasi ya watoto na mizigo. Sababu pekee iliyobaki ya kujiundia gari ni kuipenda kazi yenyewe.

Njia tatu

Njia ya kwanza ni kununua seti kamili, ambamo takribani kila kitu ni kipya na kimetengenezwa kukaa mahali pake. Hii ndiyo ghali zaidi, lakini ndiyo ya haraka. Seti ya namna hiyo huweza kukamilika kwa saa 100 hivi za kazi, bila kuhitaji kuchomelea chuma.

Njia ya pili ni kununua fremu na bodi pekee, kisha kutafuta gari kuukuu na kulinyofoa injini, giaboksi, ekseli na breki. Mazda MX-5, lililoanza kuuzwa mwaka 1989, hutumiwa sana kwa kazi hii kwa kuwa injini yake iko mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoendeshwa. Hapa kila kipuri lazima kifunguliwe, kisafishwe, kikaguliwe na pengine kibadilishwe kabla ya kufungwa tena.

Njia ya tatu ni kuunda hata fremu yenyewe kwa kukata na kuchomelea vyuma. Mnamo 1996 Ron Champion alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi ya kujiundia gari la michezo kwa pauni 250, akitumia vipuri vya Ford Escort ya zamani. Kitabu hicho kiliwatia ari watu wengi. Hata hivyo, Escort za aina hiyo zimegeuka kuwa magari ya kuhifadhiwa na bei yake imepanda mno. Anayefanya hesabu leo kwa kutegemea bei ya mwaka 1996 anajidanganya.

Gharama zisizoandikwa

Bei inayotangazwa ni ya kilichomo sandukuni. Nje ya sanduku kuna magurudumu, rangi, mafuta ya injini na ya breki, betri, ada za ukaguzi na usajili, bima, pamoja na vifaa vya kazi. Winchi ya kuinulia injini na spana ya kupimia nguvu ya kukazia bolti si vitu vinavyopatikana katika kila nyumba. Asiyenunua atalazimika kukodi au kuazima.

Aidha, mwenye bajeti ya kubana akumbuke kwamba vipuri vya gari kuukuu huficha maradhi. Injini iliyonguruma vizuri siku ya kununuliwa huenda ikafunguliwa na kukutwa imelika ndani. Ni busara kuweka akiba kando kabla ya kuanza, badala ya kuitafuta kazi ikiwa imefika katikati.

Muda na nyumba

Fedha zikikosekana, kazi inaweza kusubiri mshahara wa mwezi ujao. Muda ukikosekana, kazi hufa polepole.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtu anayeweza kutenga saa tano kwa wiki ataimaliza kazi ya saa 100 kwa wiki 20. Kazi ikihitaji saa 500, mtu huyo huyo atachukua wiki 100, yaani karibu miaka miwili. Katika miaka miwili mtoto huweza kuzaliwa, kazi huweza kupotea, mzazi huweza kuugua. Kwa hivyo swali la haki si iwapo mtu ana nafasi mwezi huu, bali iwapo maisha yake yataendelea kumpa nafasi hiyo hadi mwisho.

Mahali pa kufanyia kazi napo pana uzito. Gari lililofunguliwa huhitaji nafasi kubwa kuliko gari zima, kwa kuwa vipuri vyake hutandazwa. Panahitajika paa, mwanga, umeme na mlango wa kufungwa. Anayelazimika kukusanya kila kitu jioni na kukitandaza upya kesho yake hupoteza nusu ya muda katika kupanga na kupangua.

Isitoshe, muda na fedha hizo si za mtu mmoja. Jumamosi inayotumiwa chini ya gari huondolewa kwa mke au mume na watoto. Uamuzi uliofanywa na mmoja bila kuwashauri wengine huzaa manung’uniko kabla injini haijanguruma. Heri mkubaliane mapema kuhusu kiasi cha fedha, siku za kazi na tarehe ambayo mradi utauzwa endapo utakuwa haujakamilika.

Usalama na sheria

Gari si meza, ambayo ikiundwa vibaya hutikisika tu. Kosa katika breki au usukani huweza kumuua mwenye gari na mpita njia asiye na hatia. Asiyejua kuchomelea kitaalamu asifanyie mazoezi kwenye fremu atakayoipandia barabarani. Sehemu hiyo amwachie fundi aliyehitimu. Kukiri mpaka wa ujuzi wake hakumwondolei mtu sifa ya kuliunda gari lake.

Sheria ya Uingereza haimwachii mwenye gari jukumu hilo peke yake. Tangu 1998 kumekuwa na ukaguzi maalum wa magari yanayoundwa moja moja, na mwaka 2009 mfumo wa sasa, unaojulikana kama IVA, ulianza kuchukua mahali pa ule wa kwanza. Wakaguzi hupima breki, taa, mikanda ya usalama, vioo, moshi, kelele na mita ya kasi. Hata kingo kali za bodi zinazoweza kumjeruhi anayegongwa huangaliwa. Gari lisilopita hurudishwa likarekebishwe, na ukaguzi mwingine hulipiwa.

Mwenye gari hutakiwa pia kuthibitisha kwamba aliliunda yeye kwa matumizi yake. Kwa sababu hiyo, picha za kila hatua na risiti za kila kipuri zihifadhiwe tangu siku ya kwanza. Gari ambalo umri au asili ya vipuri vyake haijulikani husajiliwa kwa namba inayoanza kwa herufi Q.

Jambo hilo la umri linamgusa Mkenya anayeishi Uingereza na anayeota kuja nalo nyumbani. Kenya hairuhusu kuagizwa kwa gari lililopitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, wala lenye usukani wa kushoto. Namba ya Q haisemi gari lina umri gani. Mwenye ndoto hiyo aulize Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, pamoja na NTSA, na apewe jibu kwa maandishi kabla ya kununua hata fremu.

Kuunda au kuendesha?

Baada ya hesabu zote hubaki swali moja: je, kinachotamaniwa ni kuliunda gari au ni kuliendesha?

Anayetamani kuliendesha tu ana njia fupi. Magari ya aina hii yaliyokwisha kuundwa na kusajiliwa huuzwa, mara nyingi kwa bei iliyo chini ya gharama ya kuyaunda. Alitafute hilo, na kabla ya kulipa amlete fundi alikague.

Anayevutiwa na miradi iliyoachwa nusu, ambayo huuzwa rahisi, atahadhari. Lazima ajue ni vipuri gani vinakosekana na ni kwa nini mwenzake alishindwa.

Anayetamani kuunda anaweza kujipima kwa gharama ndogo. Alichukue gari alilo nalo, au injini kuukuu, aifungue breki moja au aisafishe kabureta chini ya uangalizi wa fundi, kisha airudishe ikafanya kazi. Afanye hivyo kila wikendi kwa miezi mitatu. Akiona jioni zimekuwa fupi na bado ana hamu ya kurudi gerejini, huenda uraibu huu ni wake. Akianza kutafuta visingizio kufikia wiki ya nne, atakuwa ameokoa maelfu ya pauni na amani ya nyumba yake.