Kompanyi inauzwa, alama inabakia

Hapa kwetu tunajua vile kompanyi inabadilisha jina. Union Minière ilikuwa bwana wa shaba. Mu 1967 serikali ikaikamata, na leo tunasema Gécamines. Mashimo yalibakia yale yale. Lakini karatasi yenye jina ya zamani, iko bado na nguvu? Familia nyingi za watumishi zinajua uzito wa ulizo hiyo.

Wenye kutengeneza Linux wanakutana nayo pia. Linux ni programu yenye kila mutu anaweza kusoma na kurekebisha. Njo iko ndani ya telefone za Android. Mu machine ndogo, pièce nyingi haziwezi kujitaja zenyewe. Kwa hiyo wanaandika liste: pièce hii iko fasi hii, jina yake ni hii. Jina inaanza na alama fupi ya kompanyi, kisha virgule, kisha modèle. Alama "ti" ni Texas Instruments, "qcom" ni Qualcomm. Programu inalinganisha herufi kwa herufi. Moja ikikosa, pièce inalala.

Sasa kompanyi ikiuzwa? Mu 2004 Freescale ilitoka mu Motorola. Alama yake "fsl". Mu 2015 NXP ikainunua. Alama "nxp" iko, lakini puce za jamaa ya i.MX zinabakia na "fsl" mupaka leo. Atmel vilevile: Microchip iliinunua mu 2016, na "atmel" haikufutwa.

Juu ya nini? Juu liste imekwisha kuingia mu machine za watu. Mutu anaweza kuweka Linux mupya juu ya liste ya zamani. Ukifuta "fsl", machine yake itaamka bila pièce zake. Atakayeumia si tajiri aliyenunua kompanyi, ni yule mwenye machine.

Njo maana wanachagua polepole mbele alama haijatumika. Wanaangalia mu liste moja ya wote kama mwingine hana alama hiyo. Marvell ilipata mbili: "marvell" na "mrvl", ile ya bourse. Leo "mrvl" imetiwa alama ya kuachwa: kwa kazi mupya hapana, lakini haikutolewa mu liste.

Sisi tunaona hiyo ni haki. Mwenye kununua kompanyi ananunua pia ahadi zake, na machine ya zamani iko moja ya zile ahadi.